Sidiria hainunuliwi kwa namba tupu: uzi wa kupima, kuchagua na kurekebisha

Fundi_RangiTatu #1

Wadau, habari za jioni. Dada zangu na mama zangu, uzi huu ni wenu. Akina baba mnaowanunulia wake zenu nanyi msipite tu, mna sehemu yenu humu.

Mimi ni fundi cherehani, ofisi yangu ipo Mbagala. Nashona zaidi magauni ya vitenge, sare za harusi na za kwaya, kwa hiyo futi lazima lipite kifuani kwa mteja. Blauzi ikikaa vibaya lawama zinamwangukia fundi, lakini mara nyingi kinachoharibu umbo ni sidiria iliyo ndani. Mteja akitoa khanga nimpime, naona mkanda wa mgongoni umepanda mpaka katikati ya mabega, mbele matiti yameteremka, na kamba za mabegani zimeacha alama nyeusi zisizotoka hata akiivua. Ukimuuliza habari za mwili anakwambia shingo inauma, mabega mazito, na akifika nyumbani kitu cha kwanza ni kuitupa sidiria kitandani.

Nikimuuliza anavaa namba ngapi, jibu linakuja haraka: 38, 40, 42. Nikimuuliza herufi gani, kimya. Wala simlaumu, maana sokoni hakuna aliyewahi kumuuliza herufi. Unafika Kariakoo mtaa wa Congo, unasema "nipe 38", unafungiwa kwenye mfuko, unaondoka. Ikibana, safari ijayo unasema "nipe 40". Hapo ndipo tunapopotea, na ndiyo sababu ya kuandika uzi huu.

Sidiria ina vipimo viwili. Namba ni ya mkanda unaozunguka mbavu chini ya matiti. Herufi ni ya kikombe, yaani titi lenyewe linajitokeza kiasi gani kutoka kwenye mbavu. Namba haisemi chochote kuhusu ukubwa wa titi. Mwanamke mwembamba mwenye titi kubwa anahitaji namba ndogo na herufi kubwa, na mnene mwenye titi dogo anahitaji namba kubwa na herufi ndogo. Sisi tumezoea kupandisha namba tu, kwa kila tatizo.

Nitoe mfano wa dada niliyempima wiki hii. Ameniruhusu niandike vipimo, jina linabaki kwangu. Chini ya matiti ana sentimita 79. Juu, pale titi linapojaa kabisa, ana 98. Tofauti ni 19. Lebo nyingi zinazouzwa kwetu zina namba mbili, mfano 36/80, 38/85, 40/90, na hiyo ya pili ni sentimita za chini ya matiti. Kwa hiyo yeye ni 36/80. Herufi inatoka kwenye ile tofauti. Kwa lebo za Ulaya, tofauti ya kama 13 ni A, 15 ni B, 17 ni C, 19 ni D, 21 ni E. Basi dada huyu ni 36D, au 80D.

Alikuwa amevaa nini? 40/90 B.

Sasa tazameni kitu ambacho wengi hawakijui. Kikombe cha 36D, cha 38C na cha 40B vinabeba ujazo uleule. Herufi haisimami peke yake, inakwenda na namba: namba ikipanda hatua moja na herufi ikishuka hatua moja, kikombe kinabaki kilekile. Ndiyo maana alipovaa 36B titi lilimwagika, akapanda 38B bado likamwagika, alipofika 40B akaona "hapa imenikaa". Vikombe ni kweli vilimkaa. Ila mkanda alionunua ni wa mtu mwenye mbavu za sentimita 90, naye ana 79. Mkanda umelegea hauna pa kushika, unapanda mgongoni, matiti yanateremka mbele, na uzito wote unahamia kwenye kamba mbili nyembamba za mabegani. Anazikaza kamba, nazo zinauvuta mkanda uzidi kupanda. Kwenye sidiria iliyokaa sawasawa mzigo unabebwa na mkanda wa chini, kamba zinasaidia tu kushikilia umbo. Shusha kamba mabegani: kama matiti yanaporomoka papo hapo, mkanda wako haufanyi kazi.

Namna ya kujipima nyumbani. Tafuta futi laini la fundi, si lile la chuma la seremala. Simama mbele ya kioo, toa pumzi, zungusha futi chini kabisa ya matiti, likaze liguse ngozi bila kuchimba, na hakikisha mgongoni lipo usawa mmoja na mbele. Wengi wanateleza hapa: nyuma limepanda au limeshuka, na kipimo kinatoka cha uongo. Andika. Cha pili, vaa sidiria nyepesi isiyo na sponji, zungusha futi usawa wa chuchu bila kukandamiza. Kama matiti yako ni mazito au yameshuka kwa kunyonyesha, pima ukiwa umeinama mgongo ulale kama meza, yaning'inie yenyewe. Ukisimama wima sehemu ya titi inajificha chini na futi haliioni. Usipime siku za kukaribia hedhi, matiti mengi huwa yamejaa.

Hizo hesabu zinakupa pa kuanzia. Neno la mwisho ni la mwili. Ukiivaa mpya, funga kwenye vikulabu vya nje kabisa, vile vya kulegea, kwa sababu lastiki itavutika kadiri unavyofua na utahitaji kusogea ndani. Inama, ingiza mkono wa kulia ndani ya kikombe cha kushoto, vuta nyama yote kutoka kwapani uilete mbele, kisha fanya hivyo upande wa pili. Simama ujitazame. Kuna dada wengi wana kile kinyama cha kwapani wanachokichukia wakidhani ni unene, kumbe ni titi lililosukumwa pembeni na kikombe kidogo. Kile kipande cha katikati kinachounganisha vikombe kinatakiwa kilale kwenye mfupa wa kifua, kisielee. Waya uzunguke titi lote na uishie kwenye mbavu, usikanyage nyama. Juu ya kikombe pasiwe na mstari unaoligawa titi mara mbili, unaoonekana hata juu ya blauzi. Mgongoni mkanda uwe usawa, vidole viwili vipite chini yake bila shida, ngumi isipite. Nyoosha mikono juu: ikibaki palepale, umepata yako.

Mwenye swali alete, mwenye uzoefu aongeze.

Kisura_wa_Tandale #2

Fundi ubarikiwe, nimeshika futi nikiwa nasoma. Zangu zote zimeandikwa 38/85 tu, hakuna herufi popote, hata kwenye kile kikaratasi. Nitajuaje ni kikombe gani?

Fundi_RangiTatu #3

Dada Kisura, isiyoandikwa herufi mara nyingi ni B, wakati mwingine C. Kiwandani wanatengeneza kikombe kimoja cha kati ili kimfae kila mtu, na matokeo yake wengi hakiwafai. Usihangaike kutafuta herufi isiyoandikwa, tumia macho: kikombe kikimwaga juu au kwapani ni kidogo, kikikunjamana na kuacha nafasi ni kikubwa.

Na za Kichina zenye herufi, hesabu yake iko tofauti kidogo na ile niliyotoa. Zinaanza A kwenye tofauti ya sentimita 10, B 12.5, C 15, D 17.5. Kwa hiyo mtu wa C ya Ulaya anaweza kuwa karibu na D ya Uchina. Usikasirike herufi ikibadilika kutoka duka hadi duka.

Kwa faida ya wengi: hizi herufi zenyewe si za zamani sana. Yule Mmarekani Mary Phelps Jacob alipata hataza ya sidiria yake mwaka 1914, aliyoanza kwa kuunga leso mbili na utepe, na wala haikuwa na vikombe vya kupima. Herufi zilikuja miaka ya 1930 huko Marekani kupitia kampuni za S.H. Camp na Warner, walipoona kuwa kipimo kimoja cha kuzunguka kifua hakiwatoshi wateja. Sisi sokoni bado tunauziana kwa namba peke yake.

BintiKisauni #4

Assalaam aleykum. Mie nipo Mombasa. Maneno yako ni swadakta, lakini shida ya kwetu ni stara. Wauzaji wengi wa sidiria mjini ni vijana wa kiume, amezimwaga mezani, yuakwambia "mama hii yakutosha" naye akutazama kifua juu ya buibui. Mtu mwenye haya zake hawezi kusimama pale akaulizana herufi na kijana. Wanunua upesi wenda zako. Ukifika nyumbani haikukai, na kurudisha hawataki.

MamaDuka_Njiro #5

Waaleykum salaam dada Kisauni. Mimi nauza nguo za ndani Arusha, naomba niseme na upande wa wauzaji.

Tunanunua kwa dazeni. Dazeni inakuja imechanganywa namba, 34 mpaka 42, rangi mbalimbali, kikombe kimoja. Ukitaka D, E au F unaagiza kwa oda maalumu, na hizo zikija zinakaa rafuni kwa sababu wateja wenyewe hawajui kuwa ndizo zao. Mtaji unalala. Mwenzako wa jirani anauza namba tupu na anamaliza mzigo kwa wiki. Hivyo mfanyabiashara haleti, mteja naye hajui zipo, na mambo yanabaki yalivyo.

Nilichofanya mimi ni kutenga pembe ya duka kwa pazia, nimeweka kioo na futi, na binti wa kupima. Mteja anavaa juu ya fulana nyembamba inayobana, kwa hiyo bidhaa inabaki safi na yeye anabaki na stara. Waliopimwa mara moja wanarudi na dada zao. Sasa naagiza D na E bila wasiwasi.

Dada zangu, mnapokwenda kununua, ulizeni herufi hata kama hamtaipata. Muuzaji akiulizwa kila siku ataileta.

Fundi_RangiTatu #6

MamaDuka umenena, nakushukuru.

Dada Kisauni, jipime chumbani mwako au mpimwe wawili wawili na shoga yako, andika namba na herufi kwenye simu, ukifika unataja tu. Hapo hakuna haja ya kijana kukutazama. Na kama huruhusiwi kujaribu, nenda na futi mfukoni. Ilaze sidiria mezani ikiwa imefungwa, pima mkanda bila kuuvuta, kisha uvute mpaka ugome upime tena. Kipimo chako cha chini ya matiti kinatakiwa kiangukie kati ya hizo mbili, karibu zaidi na ile ya kuvutwa. Mkanda wa 80 ukivutika mpaka 100, huo ni mlegevu, shuka namba moja na upandishe herufi moja.

Mdigo_Leeds #7

Salamu kutoka Uingereza. Huku maduka kama Marks & Spencer wana chumba na mpimaji mwanamke, huduma ni bure, unaweka miadi tu. Wanapima kwa inchi na kila inchi moja ya tofauti ni herufi moja. Herufi zenyewe zina vituko: baada ya D inakuja DD, halafu E, F, FF, G. Kwa hiyo E ya Uingereza si E ya Ulaya. E ya Ulaya ni DD ya huku, na F ya Ulaya ndiyo E ya huku. Mnaotumiwa na ndugu kutoka nje mwangalie hilo, kila siku naona mtu katumiwa hatua moja zaidi au pungufu.

Jambo lingine, wapimaji wengi wa huku hawaongezi tena zile inchi 4 zilizokuwa zikijumlishwa kwenye kipimo cha chini ya matiti ili kupata namba. Ukiwa na inchi 32 chini ya matiti wanakuanzishia 32, wanapanda ikibana.

Sista_Kihesa #8

Mimi chuoni tulifundishwa: pima chini ya matiti kwa inchi, ongeza 4, kama ni namba witiri ongeza 5. Leo naambiwa nisiongeze. Tushike lipi?

Fundi_RangiTatu #9

Sista, ulichofundishwa kipo kwenye vitabu vingi, na ndicho kilichozaa zile namba za 36/80: sentimita 80 ni kama inchi 31 na nusu, ukiongeza unafika 36. Kanuni hiyo ilitoka enzi za vitambaa visivyovutika. Leo mikanda imejaa lastiki, inavutika sana, ndiyo maana wapimaji wa Uingereza wanaanzia chini.

Ninavyofanya ofisini: ukiwa na lebo yenye namba mbili, fuata ile ya sentimita na achana na kuongeza. Ukiivaa, kwenye kikulabu cha nje kabisa, ukaona mkanda unavutika zaidi ya vidole viwili, shuka namba na upandishe herufi. Yule dada wa 36D nilimjaribisha na 34DD ya Kiingereza aliyotumiwa na dada yake, ikamkaa vizuri zaidi. Ujazo wa kikombe ni uleule, mkanda ndio umeshika.

MamaShujaa_Goma #10

Huku kwetu Goma lebo zinaandikwa 95, 100, 105. Hizo ni sentimita za wapi tena? Mimi chini ya matiti nina 84.

Fundi_RangiTatu #11

Hizo ni lebo za Ufaransa mama, toa 15. 95 ni 80, 100 ni 85, 105 ni 90. Wewe anza na 100.

Mkunga_Mstaafu #12

Wanangu, hongereni kwa uzi wenye maana. Nimefanya kazi wodi ya wazazi muda mrefu, naomba niongeze ya kwangu.

Mjamzito anaanza kubadilika kifua mapema, kabla hata tumbo halijaonekana. Asikae na sidiria ya zamani kwa kuona uchungu wa pesa. Mbavu nazo zinatanuka miezi ya mwisho, kwa hiyo anunue inayofungwa kwenye kikulabu cha NDANI, apate nafasi ya kulegeza. Hapo ni kinyume na alivyosema fundi, na sababu ni kwamba mwili unakua. Kwa kunyonyesha, siku za mwanzo maziwa yanapoingia titi linajaa na kulegea mara kadhaa kwa siku. Vaeni laini, isiyo na waya, inayofunguka mbele. Waya au mshono unaokandamiza sehemu moja unaweza kuzuia maziwa yasitoke, panakuwa na uvimbe mgumu, panauma, homa inafuata. Mama akiona titi lina wekundu na ana homa aende kituo cha afya, na aendelee kunyonyesha.

Ukanda wa pwani tuna joto na jasho. Chini ya matiti pakibaki na unyevu panaota upele na fangasi. Sidiria ya pamba, kubadilisha kila siku, kukausha pale kwa kitambaa safi kabla ya kuvaa. Na noti za daladala na sokoni tusizihifadhi humo.

La mwisho, nasikia kila mahali kwamba sidiria yenye waya, au kulala nayo, inaleta saratani ya matiti. Watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson huko Seattle walilichunguza hili na kuchapisha mwaka 2014, wakiuliza wanawake zaidi ya 1,500 waliopita umri wa kukoma hedhi: vikombe vya ukubwa gani, waya au bila waya, saa ngapi kwa siku, walianza kuvaa wakiwa na umri gani. Hawakuona uhusiano wowote na saratani. Kwa hiyo mtu asiache kwenda kupimwa matiti kwa kuwa tu havai waya. Mkiwa mnajipima kwa futi, pitisheni na vidole. Uvimbe mpya, ngozi kuvutika ndani, chuchu kutoa damu: hospitali, bila kusubiri.

Kipepeo_Moro #13

Mama mkunga asante. Nilikuwa nabishana na wifi yangu juu ya hiyo waya jana tu.

BabaWawili #14

Mimi ni mwanaume, naomba heshima. Nataka kumnunulia mama watoto, ni surprise ya sikukuu. Nichungulie lebo ya anayovaa?

MamaDuka_Njiro #15

Shemeji, lebo anayovaa ndiyo hiyo tunayoizungumza humu, huenda si yake. Wanaume wanakuja dukani kwangu wananionyesha kwa viganja, mimi siuzi kwa viganja. Mpeleke akapimwe, au mnunulie futi na mpimane nyumbani. Akishajua namba na herufi yake utanunua sikukuu zote zijazo kwa uhakika. Ukitaka iwe ya kushtukiza kabisa, lipa dukani, mpe karatasi ya malipo aje achague mwenyewe.

BabaWawili #16

Nimeelewa shemeji. Hilo la kulipa kwanza limenipendeza.

Nuru_ya_Asubuhi #17

Nimesoma uzi wote. Mimi niliondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, nashukuru Mungu kidonda kimepona na daktari ameniruhusu kuvaa sidiria. Najaza vitambaa upande ule lakini upande mzima ni mzito, sidiria yote inazunguka kwenda kulia na kamba ya kushoto inapanda shingoni. Fundi, kuna namna?

Fundi_RangiTatu #18

Dada Nuru, pole na hongera kwa kupona. Namna ipo na kazi hii naifanya.

Tatizo lako ni uzito. Vitambaa na sponji vinajaza nafasi lakini ni vyepesi, kwa hiyo upande mmoja unavuta kuliko mwingine na sidiria inazunguka. Chagua sidiria isiyo na waya, kikombe chenye kitambaa cha kufunika mpaka juu, na mkanda mpana wenye vikulabu vitatu. Ndani ya kikombe cha kushoto nashona mfuko wa pamba laini, ile ya fulana iliyofuliwa mara nyingi, uliofunguka upande wa kwapani ili uweze kuingiza na kutoa. Mshono nauweka upande wa nje ili usikwaruze kovu. Kinachoingia humo nashona umbo la titi la pamba, na katikati naweka kimfuko cha uwele mkavu uliopepetwa. Tunapunguza na kuongeza uwele kidogo kidogo, wewe ukiwa umesimama mbele ya kioo, mpaka mabega yakae usawa. Uwele hautakiwi kulowa, kwa hiyo kimfuko kinatoka kabla ya kufua, na unaubadilisha mara kwa mara.

Kama una uwezo wa kupata titi la silikoni, hilo limetengenezwa kwa uzito na linafuliwa. Uliza kliniki unakohudhuria kabla ya kununua mtaani. Mfuko nitakushonea vilevile.

Kazi hiyo kwako silipishi. Njoo ndani ya ujumbe binafsi.

Nuru_ya_Asubuhi #19

Nimekuandikia. Mungu akuzidishie.

Wanja_Thika #20

Nyinyi wa Dar mnateseka bure. Mimi nachukua mitumba Gikomba, zinatoka Uingereza na zina herufi zote, F, FF, G. Kikombe kinafunika titi lote na bei ni ya chini.

Fundi_RangiTatu #21

Dada Wanja, nakuelewa, na kwa wenye herufi kubwa mitumba ndiko wanakozipata. Huku kwetu TBS, shirika la viwango Tanzania, wamepiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa sababu za afya, kwa hiyo siwezi kumshauri mtu hapa. Na hata tukiacha hilo, mkanda wa mtumba umeshavutwa na mwili wa mtu mwingine. Kikombe kitakuwa kizima lakini lastiki imechoka. Ivute kwa mikono miwili uiachie: ikirudi polepole, imekwisha.

Kwa mliokwisha kununua mpya ambayo kikombe kinakaa sawa lakini mkanda ni mkubwa, msiitupe, fundi anaweza kuupunguza. Nafumua kile kipande chenye vikulabu na kile chenye vitundu, nakata mkanda kiasi kilekile pande zote mbili, nusu ya unachotaka kupunguza kila upande, kisha nashona vipande vyake upya. Ukiamua kujishonea, cherehani ya kawaida ya mguu inashona mshono ulionyooka peke yake, na huo ukivutwa pamoja na lastiki unakatika uzi. Tumia cherehani yenye zigzagi, au shona kwa mkono, rudisha sindano nyuma kila hatua, mistari miwili. Usizidishe jumla ya sentimita 5 au 6, ukizidisha kamba za mabegani zinakaribiana mno nyuma na kikombe kinavutwa kwapani.

Kinyume chake, kikombe kinakaa sawa lakini mkanda unabana: kuna vipande vya kuongeza vyenye vikulabu vinauzwa maduka ya vifaa vya ushonaji, unapachika nyuma tu.

Fueni kwa mkono, maji ya baridi, msikamue kwa kusokota, msianike juani kwa kuning'iniza kwenye kamba za mabegani. Anikeni kivulini, zikunjwe katikati. Ukiwa nazo tatu ukizipokezana, lastiki inapata muda wa kurudi.

MamaTausi_Dodoma #22

Binti yangu ana miaka 12, ameanza kuota na anajikunyata shuleni, mabega yote mbele. Nimempa ya kwangu ya zamani nikakaza kamba. Nimpime naye kwa hesabu hizi?

Mkunga_Mstaafu #23

Mama Tausi, asikae na ya kwako. Umri huo mtafutie singilendi ya pamba yenye mkanda chini, isiyo na waya wala sponji, ya kumbana kidogo anapokimbia. Titi moja kutangulia lingine ni kawaida, mwambie kabla hajaanza kuogopa. Mpime mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, usimpime mbele ya kaka zake wala wageni, na mrudie kila baada ya miezi michache kwa sababu anakua haraka.

Fundi_RangiTatu #24

Kama alivyosema mama mkunga. Kwa michezo, akiruka kamba au kukimbia, mwambie aruke mara kadhaa mbele ya kioo akiwa ameivaa. Kama kifua bado kinamuuma au kinaruka kivyake, shuka saizi moja ya mkanda. Akifikia kuwa na tofauti ya sentimita 13 hivi kati ya juu na chini, mwanzishie A yenye kikombe laini.

Niandikie kipimo chake cha chini na cha juu, nitakujibu nikifunga ofisi. Na wengine waliotuma vipimo kwenye ujumbe binafsi, nawajibu mmoja mmoja leo usiku. Ambao hamkuandika kama mmepima mkiwa mmesimama au mmeinama, andikeni upya.